Maji Moto Yaliyopoa

S.L.P. 41,
Mbita.
8 Juni, 2025.

Mpendwa kaka Cephas,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kisiwani. Natumaini joto la huko Doha halikusumbui na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, ila magoti bado yanamsumbua, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nataka usikie kwangu kabla watu hawajakupigia simu.

Unaikumbuka chemchemi ya maji moto chini ya kilima, ambako Mama huenda kuloweka miguu. Baada ya Krismasi alianza kurudi akilalamika kwamba maji yamepoa. Nilidhani ni uzee. Siku moja nikamfuata, nikatumbukiza yai pale yanapobubujika, kama tulivyozoea. Nilipolipasua lilikuwa bichi kabisa.

Lawama zote tulimtupia Osoro, yule Mkisii aliyejenga hoteli upande wa pili wa kilima. Ana kisima kilichochimbwa kwa mashine, na kidimbwi cha kuogelea. Watu wakasema amepitisha bomba chini kwa chini ili awauzie wageni maji yetu ya moto. Mimi niliamini. Niliacha kununua unga kwa mkewe Mellen, na kanisani nikahamia benchi lingine.

Mume wangu Frankline akaongoza wanaume hadi kwake. Osoro alifungua lango mwenyewe. Hakubishana. Alizima pampu mbele yao, akampa Frankline ufunguo wa chumba cha pampu.

"Kaeni nao mpaka mridhike," akasema.

Kidimbwi chake kikageuka kijani, lakini chemchemi ikazidi kupoa. Unafikiri tuliridhika? Tukasema lazima ana pampu nyingine amezika mahali.

Kisha ikaharibika pampu ya kisima chetu, hii uliyotuchangishia na wenzako, iliyo karibu na lango la Mama. Tukarudi kuteka ziwani. Wiki haikuisha kabla Mama hajaja anacheka, miguu imekuwa myekundu. Maji moto yamerudi!

Fundi aliyekuja kutengeneza pampu ni mwanamke Mkuria kutoka Migori, anaitwa Bhoke. Nilimweleza yote, nikampeleka hadi kwenye chemchemi.

"Hii na kisima chenu vinatoa maji kwenye mwamba mmoja," akasema. "Mkivuta sana kule, yale ya moto yanakosa nguvu ya kupanda, na ya ziwa yanajipenyeza mahali pake."

"Ni Osoro amekutuma?"

"Huyo Osoro simjui, dada. Jaribuni wenyewe."

Tukajaribu. Pampu ikiwaka siku chache, maji yanapoa. Ikizimwa, yanapata moto. Frankline akamrudishia Osoro ufunguo wake. Sasa waliokuwa wakimsema Osoro wanatusema sisi. Jirani yetu Awino, ambaye mgongo wake unategemea chemchemi, hupita langoni kwetu akiangalia pembeni.

Lakini ningerudi vipi ziwani? Ulichangisha pampu hii kwa sababu ya kipindupindu cha maji ya ziwa kilichomchukua mwanangu Cate. Mama alisema mbele ya watu wote, "Magoti yangu yataniuma tu. Acheni pampu iwake, watoto wanywe." Nililia, kaka. Awino naye alilia, lakini yeye kwa ajili ya mgongo wake, na sikuweza kumlaumu.

Osoro ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja nyumbani, akasema kisima chake hakigusi chemchemi na kina maji ya kututosha, atayashusha kwa bomba hadi kijijini, nasi tuzime pampu yetu. Frankline aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anataka nini huyu?" Nilikuwa nikijiuliza hilo hilo.

Juzi maji yakafika. Wanawake walisimama na mitungi yao na hakuna aliyesogea. Osoro alikuwa pale kando ya mfereji. Mama akakinga kikombe, akanywa chote akimtazama usoni. Kisha akaniambia, "Leonida, lete mtungi."

Kwa hiyo tumeizima pampu yako. Atakayekuambia tumeidharau, usimsikilize. Bhoke ataendelea kuikagua, maana sijui wema wa Osoro utadumu mpaka lini. Frankline hajagusa maji yale mpaka leo. Mimi nayanywa, lakini ya watoto nayachemsha kwanza.

Msalimie sana shemeji Irine, na Austine umwambie bibi yake anamuulizia kila Jumapili. Mungu awafunike kwa mkono wake na awarudishe nyumbani salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,

Leonida