Kadi za Mama

Holyoke, 1 Machi 1996

Mama mdogo Nereida,

Nibariki. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: ninamfundisha mama makosa, kwa makusudi.

Unajua alishaanguka mara moja mtihani wa cheti cha uuguzi wa shule. Akianguka tena tarehe kumi na sita, shule anakofanya kazi itaajiri mwingine, nasi tutarudi nyumbani Utuado. Mimi nataka kurudi. Hapa darasani nikifungua mdomo wanacheka, basi nimeufunga.

Kiingereza cha kitabu kinamshinda, kwa hiyo namwandikia maswali kwenye kadi kwa Kihispania, na majibu nyuma. Swali: mtoto anaumwa tumbo kila Jumatatu, utaanzaje? Mama akasema, "Nampigia bibi yake, nampa chai ya mnanaa." Kitabu kinataka umpime, usome faili lake, umpigie mzazi, wala usimpe kitu bila idhini ya maandishi. Mimi nikaandika: bibi, mnanaa. Alipoigeuza kadi akacheka, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. "Kumbe hata hawa wa kitabu wanajua!"

Kadi kumi na moja sasa. Usipige simu, iko jikoni, atasikia.

Mwanao,
Yarelis

Utuado, 8 Machi

Yare wangu,

Mungu akubariki. Hatujambo, ila goti langu linanisumbua na mvua haikatiki. Wewe unakula? Mama yako je?

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mtoto wewe! Unyamavu wote ule, kumbe unapika haya?

Sikugombezi kwa kutaka nyumbani. Hata mimi nawataka. Lakini mama yako Ivelisse ameuguza watoto miaka kumi na tisa. Akiiamini kadi yako kuliko mikono yake, ni kwa sababu ya Kiingereza tu, na hicho Kiingereza ni wewe. Akianguka, atajiona mjinga hadi anazikwa. Hata akirudi hapa, atarudi hivyo.

Mwambie kabla ya mtihani. Mimi sitamwambia, usinitume.

Mama mdogo wako,
Nereida

Holyoke, 15 Machi

Mama mdogo,

Nibariki. Goti limepoa? Sisi wazima, ila mama amechoka hadi anasinzia na kijiko mkononi. Jana kazini kwake chawa darasa zima, na wawili wa pumu.

Barua yako ilifika Jumatano. Jumatano sikusema. Jana nikaanza, "Mama, zile kadi..." akanikatiza: "Bila wewe ningekuwa wapi, malaika wangu?" Nikaenda kuosha vyombo.

Leo nimetoka shule mapema nikaandika upya zote kumi na moja, majibu ya kweli. Nilitaka kuzichomeka kimyakimya. Lakini ameshakariri zile za uongo, na mtihani ni kesho saa mbili asubuhi. Akiona jibu limebadilika atadhani kichwa chake ndicho kibovu.

Ameingia sasa hivi. Nasikia anavua viatu.

"Yare! Niwekee kahawa, halafu uniulize za tumbo, hizo nazijua!"

Huwa nikikuandikia naifunika karatasi kwa kiwiko. Sasa nimeisogeza katikati ya meza, na kadi mpya pembeni, na barua yako juu yake. Tuna jioni nzima, akitaka kukaa nami.

Anakuja. Anaburuta ndara. Mlango sikuufunga, mama mdogo, wala karatasi siifuniki kwa mkono. Asome.