Nikipimwa Mimi, Atajulikana Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kama barua itakuwa ndefu, maana mdomoni mimi ni mzito lakini nikishika kalamu sijui pa kuishia. Nimemaliza shule mwaka huu, nina miaka kumi na minane, na wakati nasubiri matokeo ya mtihani mama yangu mdogo amenichukua kazini kwake, kwenye maabara ya hospitali, nioshe vyombo vya kioo na kubandika lebo kwenye vichupa vya damu. Yeye ni mtafiti. Alianza kabla sijazaliwa, kwa kuchunguza ugonjwa uitwao seliaki, yaani mtu akila ngano mwili wake unageuka na kuupiga utumbo wake wenyewe, ndiyo maana wenzake kazini wanamwita Mama Ngano, naye anaitika.

Mshauri, sijawahi kupenda mahali kama pale. Siku moja alinikalisha kwenye hadubini akanionyesha kipande cha utumbo wenye afya, kimejaa vijidole vidogo vidogo kama taulo jipya, halafu akabadilisha kioo akanionyesha cha mgonjwa wa seliaki, kimekuwa bapa kama taulo lililofuliwa hadi likaisha, akaniuliza, "Haya niambie, chakula kitashikwa na nini hapo?" Siku ile nilirudi nyumbani nikimwangalia kila mtu tumboni.

Sasa shida yangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kula asinenepe, na mama mdogo, ndiyo kwanza ameanza kazi, ndiye aliyegundua kuwa ni seliaki, akaja nyumbani akamwaga unga wote wa ngano, na kweli bibi akapona, akanawiri. Mama yangu naye akapimwa, akakutwa nayo, akaacha ngano. Tangu hapo kwetu ngano ni kama nyoka. Baba husema mkate ukitaka kuingia nyumba hii lazima uruke ukuta. Lakini baada ya miaka bibi alipata saratani ya utumbo mpana, ikamwondoa, na kila mtu akasema ni ile ngano ya zamani imekuja kudai chake. Mama mdogo peke yake hakuridhika. Ndipo alipohamia upande wa jeni za saratani, akaichunguza damu ya bibi iliyokuwa imehifadhiwa, akakuta hitilafu nyingine kabisa, ambayo ngano haihusiki nayo, nayo inarithiwa, na mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu. Akaenda kupimwa na yeye, kwa watu wengine. Anayo. Kila mwaka anaingizwa kamera tumboni, wakikuta kinyama kimeota wanakikata kabla hakijaharibika, na anacheka kwamba utumbo wake umepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi.

Mama hataki kusikia habari hizo. Jumapili iliyopita mama mdogo alikuja, mimi nilikuwa namenya viazi, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu siku hizi akisimama kidogo anachoka, tena amepungua hadi pete inamzunguka kidoleni, na tumbo linamsumbua, anasema lazima kuna mtu anatia unga kwenye mchuzi, basi mama mdogo akamwambia, "Dada, twende ukapimwe. Damu ya kijiko kimoja tu."

"Nipimwe nini tena? Ugonjwa wetu tunaujua. Ni ngano, na ngano sili."

"Huu si wa ngano, dada."

"Na aliyetuambia ni ngano ni nani? Si wewe? Ulikuja hapa na koti jeupe halijafuliwa hata mara moja, ukamwaga unga wa mama wote jalalani. Leo umepata mwingine. Kesho utatuambia ni maji."

Mama mdogo akacheka kidogo, kisha akawa anaosha kikombe ambacho nilikuwa nimeshakiosha. Nilitaka kusema kitu, Mshauri, lakini viazi vilikuwa vingi.

Kesho yake kazini nikamuuliza kama mimi naweza kupimwa. Akaacha alichokuwa anafanya. Akaniambia, "Umri unao na haki ni yako, ila si kwangu. Siwezi kuwa mtafiti wako na mama yako mdogo kwa mkono mmoja. Na ujue, jeni hiyo haiokotwi njiani. Ikikutwa kwako, imepitia kwa mama yako. Utakuwa umempima bila yeye kunyoosha mkono." Baada ya hapo hakunisukuma mbele wala hakunirudisha nyuma, alinipa tu jina la kliniki nyingine, nami nimepata miadi ya Alhamisi ijayo, na nyumbani hakuna anayejua.

Nataka kujua, Mshauri. Si woga peke yake, ni hamu, kama pale kwenye hadubini unapozungusha kile kirungu na ukungu unaanza kuondoka, huwezi kuacha katikati. Lakini nikijua langu nitakuwa nimejua la mama, na yeye amesema hataki lijulikane, na mimi uso wangu hauna siri, nikibeba jambo linaonekana. Je, niende kimyakimya? Nikipata jibu nimwambie au nikae nalo? Au hamu hii yenyewe ni utovu wa adabu?

Ni mimi, mwosha vioo.

MSHAURI ANAJIBU

Binti mwosha vioo, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa raha, ya pili kwa hasira.

Hamu yako haina kosa. Kutaka kujua si utovu wa adabu, na mtu aliyeona taulo ndani ya utumbo wa binadamu asipoipoteza hamu hiyo atafika mbali. Tumemaliza hilo.

Hasira yangu ni hii. Umenipa hadubini, bibi harusi na mkate unaoruka ukuta, halafu katikati, ukimenya viazi, ukanipitishia kwa haraka kwamba mama yako anachoka akisimama, pete inamzunguka kidoleni na tumbo linamsumbua. Barua yako ilipaswa kuanzia hapo. Mtu ambaye hajagusa ngano miaka yote hiyo na bado anakonda, habari ya jeni ikae pembeni kwanza, aonwe na daktari haraka. Mimi si daktari. Huenda ni jambo dogo, huenda kweli kuna unga kwenye mchuzi. Lakini wewe unayeshinda maabara ulipaswa kuliona kabla yangu, na nadhani uliliona, ndiyo maana ukaliandika kwa kulifunika.

Nikuambie ninachokiona. Kwako ni rahisi kutoa damu kuliko kutoa neno. Unataka sindano ikusemee. Nayo itakusemea vibaya. Ukikutwa unayo, mama yako atavuliwa nguo na mwanawe bila kubishiwa hodi. Ukikutwa huna, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jibu lako halisemi kwamba yeye hana, huenda anayo ila hakukurithisha, lakini furaha yako ataiona usoni, kama ulivyosema uso wako hauna siri, naye atasema, "Si niliwaambia ni ngano?" Muulize mama yako mdogo kama nasema uongo. Muulize pia mtu wa umri wako akikutwa nayo anafanyiwa nini mwaka huu. Nina hakika utaambiwa kuna muda. Haraka hii si yako, ni ya mama yako.

Wala usimwone mama yako mkaidi. Alipewa neno na mdogo wake, neno hilo likampa mama yao miaka ya afya, akalishika. Wewe ungelitupa? Mama Ngano ameendelea na kazi, amepata neno la pili, lakini la kwanza limebaki jikoni kwa dada yake na hajawahi kurudi kulichukua. Huo ni mzigo wake, si wako, na umwambie kwamba mimi nimesema. Asije tena na "Dada, twende ukapimwe." Aje aseme, "Dada, la ngano lilikuwa kweli, lakini sikujua kama kuna lingine." Kunyamaza na kuosha vikombe safi hakumsaidii mtu.

Sasa fanya hivi. Piga simu kliniki, uiahirishe ile miadi yako. Alhamisi hiyo hiyo umpeleke mama yako kwa daktari wa matumbo. Usibishane naye juu ya ngano, hutamshinda. Mwambie, "Mama, unakonda, naogopa." Akisema ni unga kwenye mchuzi, mjibu, "Basi twende daktari atuambie ni unga." Hapo atakosa pa kutokea. Na mbele ya daktari, ikiwa yeye hataitaja saratani ya bibi, utaitaja wewe, hata kama sauti itatoka kama ya panya. Daktari asipoambiwa hilo atatafuta kitu kingine.

Baada ya hapo, mama akishaelezwa na wataalamu wasio ndugu zake, aamue mwenyewe kama anataka kupimwa jeni. Akikataa, haki yako itakuwa bado inakungoja, nawe utakwenda kwa jina lako na kwa kumuaga. Jeni kama unayo ulizaliwa nayo, na mwakani utaikuta pale pale.

Weka gazeti hili chini. Mama yako yuko chumba gani? Nenda sasa, kabla hujapata viazi vingine vya kumenya.