Vidonge Vyangu, Mizizi ya Francine

Jumatatu. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na mpaka sasa inanyesha, ile mvua ndogo isiyo na haraka. Njia ya kwetu hapa Nyakasanza imekuwa tope tupu. Nimekaa mezani na simu, naandika kwa kidole kimoja, na kifua changu ni chepesi kuliko siku nyingi zilizopita.

Jana nilisema. Mbele ya jamaa yangu nzima, nilisema.

Kwa asiyenifahamu: miye ni mwokaji wa mikate. Nina miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo nimesimama mbele ya mdomo wa tanuru la kuni. Bibi yangu ni Francine, fundi wa kushona. Tumeoana miaka mitano. Hatuna mtoto.

Miaka mitano yote hiyo, aliyeulizwa ni Francine peke yake. Mama yangu, anayekaa Shari, alikuwa anamletea mizizi ya kuchemsha, michungu kama nyongo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nilikuwa namsikia akitapika nyuma ya nyumba, kisha anafuta mdomo na kurudi kwenye cherehani yake. Alikwenda kupimwa mara mbili, na mara zote mbili walimwambia yuko mzima. Mama akasema mashine za lopitali hazioni kila kitu.

Na miye? Miye nilikuwa nakula chakula changu na kunyamaza.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kumdanganya: niliogopa. Nilijua kwamba mwanaume naye anaweza kupimwa. Nilijua tangu mwaka wa pili.

Mwezi uliopita ndipo nilipopata nguvu. Nilimwambia Francine nakwenda Komanda kuulizia unga, nikaenda kwa docta. Ni mama wa rika langu, mwenye sauti ya chini. Wakapima mbegu zangu. Majibu yalipotoka, alinionyesha karatasi pole pole: mbegu ni chache, na nyingi kati ya hizo chache zinajikokota, haziogelei.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo miye si mwanaume?"

"Ndevu zako ziko palepale, papa," akasema. "Ni mbegu tu ndizo zimechoka."

Akanieleza kwamba mwilini kuna takataka ndogo ndogo zinazoshambulia mbegu kama kutu inavyokula chuma, na kwamba joto la tanuru, moshi na sigara vinaweza kuzidisha mambo. Akaniandikia vidonge vya kupunguza hiyo kutu, vyenye vitamini na zinki. Kimoja kwa siku, si zaidi. "Kuna watu vinawasaidia, kuna watu havifanyi kitu," akasema. "Sitakudanganya. Kubwa zaidi, acha sigara, na utoke mbele ya ule moto. Mbegu mpya inataka karibu miezi mitatu kukomaa. Kisha tutapima tena. Na bibi yako aje, hii kazi si ya mtu mmoja."

Katika maneno yote hayo, nilichukua vidonge peke yake. Vidonge vinaweza kufichwa ndani ya koti. Kutoka mbele ya tanuru, watu wataona na kuuliza. Kuacha sigara, Francine ataona na kuuliza.

Mbaya zaidi, wiki moja baadaye nilinunua chupa nyingine sokoni, yenye picha ya simba, kwa mtu aliyeniapia kwamba ndani ya mwezi mmoja nitaitwa baba. Nikawa nameza vya docta na vya simba pamoja, vinne, vitano kwa siku. Nilichopata ni tumbo la kuhara.

Alhamisi Francine alichukua koti langu kulifua. Nilipoingia nyumbani, chupa mbili zilikuwa zimesimama juu ya meza.

"Weye uko mugonjwa, ao uko na mwanamuke mwingine?" akauliza. "Sema moja."

Nikamwambia yote. Hakulia. Alizisogeza chupa zote mbili mbele yangu.

"Miaka yote hii," akasema, "ulikuwa unaniangalia nikikunywa ile mizizi."

 

Akafunga nguo chache akaenda kwa dada yake. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Sigara niliiacha siku ile ile, si kwa ushujaa, ila kila nikitaka kuiwasha naiona sura ya Francine. Kichwa kinanigonga tangu hapo, lakini sijashika hata moja. Vya simba nilivimwaga chooni.

Jumamosi alirudi. Mama na shangazi walikuwa wametuita Jumapili baada ya misa, na sote wawili tulijua ni kwa ajili ya nini. Akasema mlangoni, kabla ya kuweka mzigo chini: "Nitakuja. Lakini miye sitasema kitu. Utasema weye."

Jana basi, Shari, sebuleni kwa mama. Shangazi ndiye aliyeanza. Akasema nyumba bila mtoto ni nyumba ya wageni, na kwamba kuko binti mumoja mwenye adabu, wa watu wanaojulikana. Alizungumza kama vile Francine hakuwa amekaa pale, hatua mbili kutoka kwake.

Nikasimama. 

"Shangazi, samahani, nakukata maneno. Francine hana shida yoyote. Docta alinipima miye. Shida iko kwangu."

"Katika jamaa yetu hakuna mwanaume wa namna hiyo," shangazi akasema.

"Sasa iko mumoja. Ni miye. Na sitaoa mwanamuke mwingine ili naye mumunyweshe mizizi."

 Mama alimwangalia Francine, si miye.

"Ilikuwa inakutapisha?" akauliza.

"Kila siku, mama."

Mama akavuta kitambaa chake mpaka usoni. Baadaye akasema tu, "Haitakuja tena." Hakuomba msamaha, si desturi yake. Lakini chakula kilipoletwa alihama kiti chake, akakaa karibu na Francine, akamwekea nyama ya kwanza kwenye sahani. Shangazi alikwenda bila kula.

Leo nakwenda kuzungumza na Jonas, mwenzangu wa bulanjeri, pale tunapooka mikate. Yeye ashike tanuru, miye nishike kukanda na kupeleka mikate madukani. Atauliza kwa nini. Nitamwambia. Kama nimeweza kumwambia shangazi, Jonas ni kitu gani?

Vidonge vya docta viko mezani sasa, karibu na chumvi. Kimoja kwa siku. Sijui kama vitafanya kazi. Ninachojua ni kwamba sitajificha nyuma yake kama nilivyojificha nyuma ya uoga wangu.

Francine hajanisamehe yote. Anasema nami maneno machache, na anayo haki. Asubuhi hii, tukinywa chai, akaniuliza: "Na kama kisha ile miezi mitatu hakuko kitu?"

"Sijui," nikamjibu. "Tutauliza docta kuko njia gani nyingine. Na kama haiko, nitaenda tena kwa mama kusimama, niseme hivyo hivyo."

Akanimiminia chai ya pili. Siku ya kurudi kwa docta ameiandika kwa chaki juu ya mlango, na amesema ataanza kuwaambia wateja wake kwamba siku ile hatashona nguo ya mtu.

Tutaenda wawili.