Nilikimbia Gato ya Ndoa Walungu, Nikaikalia Muhumba

Maman Constance, nakusalimia kwa heshima. Nyumbani tunakusikiliza redioni kila juma, na mama huwa anatunyamazisha wote hata kama shida inayosomwa haituhusu. Leo shida ni yangu, nisaidie kabla sijapata wazimu.

Naitwa Thierry, nasoma fasihi hapa Bukavu, na mwaka huu tulifundishwa tanzia, yaani ile michezo ya kuigiza ambamo mtu anatabiriwa balaa, analikimbia, na kumbe njia aliyokimbilia ndiyo inayomfikisha kwenye balaa lenyewe. Maman, iliniingia mpaka kwenye mifupa, nikaanza kuona majaliwa kila mahali, umeme ukikatika nasema ilikuwa lazima ukatike, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiungua nasema sombe hii ilizaliwa iungue, mpaka dada yangu Olive akaniomba niwe nakula peke yangu.

Sasa binamu yangu Gracien alikuwa anaoa Walungu, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuingiza gato, ile keki ya tabaka tatu, mbele ya wageni wote. Ndoa ilipokaribia, tantine Georgette, mdogo wa mama, akanipigia simu.

"Thierry, mutoto yangu, nililota uko unaanguka mu gato ya ndoa, mbele ya batu bote. Ukuwe mwangalifu."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilifikiri kama msomi, nikasema wale mashujaa wa tanzia walikosea kwa sababu walikimbia ovyo, mimi nitakimbia kwa akili. Asubuhi ya ndoa nikajifunika blanketi nikasema ni malaria, wakapanda gari wakaniacha, nami nikavaa vizuri nikaenda Muhumba, hapahapa mjini, kwenye maonyesho ya sanaa ya kisasa ya wanafunzi, kwa sababu nilijua pale hapana ndoa, hapana gato, na hapana hata jamaa yangu mmoja.

Kulikuwa na kiti cha mguu mmoja, mabidoni ya manjano ya kuchotea maji yaliyoning'inizwa kwa kamba, na ubao mkubwa mweusi tii usiochorwa kitu. Nilisimama mbele ya ule ubao nikitafuta maana yake. Nikarudi nyuma kidogo ili niuone vizuri, nikafikiri labda weusi ule ndio majaliwa yenyewe, nikarudi nyuma tena, na hapo simu ikalia, kumbe ni tantine.

"Thierry! Malaria imepoa? Panda pikipiki ukuje mbio, gato inakungoja!"

Nilishtuka, nikaruka kinyumenyume, nikakaa juu ya kitu laini na baridi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Yoo! Amekaa mu gato!" Maman, ilikuwa gato. Gato ya ndoa, tabaka tatu, imejengwa kwa bugali ya muhogo na kupakwa chokaa nyeupe, kazi ya mikono ya Mireille, msichana wa chuo chetu ambaye tangu mwaka jana natafuta namna ya kumsalimia bila kigugumizi. Na ndani ya simu nikamsikia tantine akiwatangazia watu wa ndoa, "Amekwisha kuanguka! Miye nilisema!"

Kisha Profesa Edouard, mkubwa wa jopo la waamuzi, akaanza kupiga makofi polepole, na wengine wakafuata. Akaniuliza, "Kijana, ulitaka kutuambia nini?" Akili yangu ilikuwa bado kwenye tanzia, nikajibu, "Nilikimbia, lakini nimefika." Makofi yakazidi! Mama mmoja akafuta machozi. Wakasema hii ni sanaa ya mwili, kwamba bila anguko langu ile gato ilikuwa kimya, na wakatupa zawadi ya kwanza sisi wawili, mimi na Mireille, kana kwamba tulipanga. Mireille alikuwa amesimama na kipande cha bugali mkononi. Alinitazama, akasema tu, "Tutaongea." Mpaka leo hatujaongea.

Sasa wanataka tupeleke kazi hiyo Uvira, Mireille ajenge gato mpya kila siku na mimi niiangukie kila jioni. Profesa anataka niandike maelezo juu ya maana ya anguko. Kule Walungu gato ilibebwa na mjomba wetu, tonton Adalbert mwenye mgongo mbovu, akafika nayo mezani imeinama kama yeye, na bibi arusi Charlène hanisalimii tena. Majirani wanapanga mstari kwa tantine ili awaotee. Naye ameota tena: ameniona juu ya mbuzi, nimevaa kanzu ya padri. Tangu hapo sitoki nyumbani, maana nikimkimbia mbuzi ndiyo nitamkuta.

Niambie, Maman, kama yote yalikwisha kupangwa, mimi nina kosa gani? Uvira niende? Na Mireille nampenda, nifanye nini?

Thierry, Kadutu

Thierry mutoto yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikalazimika kukaa, na nilitazama kwanza nyuma yangu kabla ya kukaa. Pole. Kukalia kazi ya msichana unayempenda, mbele ya profesa, ni jambo la kumuumiza mtu, na sikuchekei. Basi, nimekucheka kidogo.

Lakini usiniletee majaliwa hapa. Majaliwa hayakukufunika blanketi. Malaria uliitunga wewe, Muhumba ulikwenda na miguu yako, na mtu anayetembea kinyumenyume kati ya vitu vya watu hahitaji ndoto ya tantine ili aanguke. Tantine Georgette bila shaka alikubeba ukiwa mtoto, anakujua unavyotembea. Ungekwenda Walungu ungeanguka labda, ndiyo, watu wangecheka, Charlène angelia kidogo, na jioni ungekula mchele pamoja na ndugu zako. Hilo ndilo balaa uliloliogopa?

Unasoma tanzia lakini umeruka ukurasa wa maana. Wale mashujaa, siku wanapojua walichofanya, hawaulizi "mimi nina kosa gani?" Wanasema: ni mimi. Ndiyo sababu tunawalilia. Wewe hakuna atakayekulilia ukiendelea hivi.

Kwa hiyo amka. Jumamosi panda gari la Walungu, umpigie Charlène magoti, umwambie ukweli wote pamoja na blanketi, kisha umsugue tonton Adalbert mgongo mpaka aseme inatosha. Ukikutana na mbuzi njiani, mpishe apite. Tantine umwambie, kwa heshima, kwamba ndoto zako sasa utaota mwenyewe.

Kwa Profesa Edouard peleka sentensi moja: "Niliruka kwa sababu simu ililia." Akisema sentensi hiyo nayo ina maana kubwa, mshukuru na utoke. Uvira usiende. Kuanguka kwa bahati mbaya kunasameheka. Kuanguka kila jioni juu ya jasho la mwenzako, huku ukipigiwa makofi, hapana. Na ile zawadi uikatae mbele ya watu walewale waliokupa.

Nimebakiza Mireille, kwa sababu hapo ndipo uliponikasirisha. Umenieleza maana ya tanzia, maana ya ubao mweusi, hata maana ya sombe iliyoungua. Msichana amesonga bugali, akaijenga mpaka ikawa gato ya ndoa, akaipaka chokaa nyeupe, akaiweka chini watu waione, na katika barua yako yote hakuna hata neno moja juu ya kile alichotaka kusema. Wewe hujui. Profesa hajui. Watu wote wa ukumbi ule walikuwa wanakuuliza wewe!

Nenda kwake kesho mchana, mlangoni, mama yake akiwepo. Usizungumzie mapenzi, na ukishikwa na kigugumizi acha kikushike. Omba msamaha kwanza. Kisha umuulize ile gato ilikuwa ya nani na kwa nini ya bugali, na ukae kimya mpaka amalize, hata akichukua siku nzima.