Maneno Niliyompa Antoni

Mkolani,
Mwanza.
20 Novemba 1995.

Mpendwa mdogo wangu Elias,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Hujambo huko Tunduru? Kifua kimepona, au bado unakohoa lile vumbi la mashimo ya madini? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua kama kila msimu wa mvua, ila ugali anakula. Samaki wamepanda bei. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunakaanga mapanki, mifupa inayobaki, na tunashukuru.

Sasa kaa chini. Nakujua, barua zangu unaanza kusoma mwisho. Safari hii soma kwa mpango, maana nina aibu, na nikiambiwa nirudie sitaweza.

Antoni amerudi kutoka huko machimboni na jibu lako la mdomo, kwamba mkeo Modesta avushwe kivuko cha Kigongo arudi kwao Sengerema kabla ya Krismasi, mtoto aende naye, na wazee wakadai ng'ombe zetu za mahari. Sijamfikishia. Hata mama sijamwambia. Jibu hilo umelitoa kwa sababu ya maneno niliyompa Antoni akueleze: kwamba Modesta amekiri mbele ya kikundi chetu cha maombi kuwa alikwenda kwa mganga na kwamba mtoto si wako. Elias, si kweli. Maneno hayo Modesta nilimlisha mimi, dada yako.

Alijifungua vizuri. Wiki mbili baadaye akaacha kulala. Akawa anaongea na ukuta, anamnyima mtoto titi, mara analia, mara anataka kutoka nje bila nguo. Zahanati walimpa vidonge. Nilivitupa chooni huku naimba. Nilisema wa malaria anywe dawa, lakini wa kichwa ana pepo. Hapo nani angenibishia? Mwenyekiti wa maombi ni mimi.

Na huyo pepo nikamtafutia mlango alioingilia: jina la mtoto. Kwa kuwa anaitwa Mhoja, jina la bibi yetu aliyekuwa akitibu kwa mizizi, nikasema Modesta amemkabidhi mtoto kwa mizimu. Jina ulilichagua wewe! Na mimi ndiye niliyepiga vigelegele ulipolitaja. Kumbe mtu anaweza kusahau sauti yake mwenyewe.

Basi tukamlazimisha kufunga. Mzazi, Elias, mwenye kichanga! Sharti lilikuwa asile mpaka akiri, na bakuli la uji nililishika mimi. Mimi, Justa na wenzetu wa maombi tukamuuliza. Ulikwenda kwa mganga? Ndiyo. Mtoto ni wa Elias? Siyo. Tukapiga makofi, haleluya, pepo ameshindwa. Nikampa uji, akaunywa wote bila kupumua. Kesho yake nikamtafuta Antoni kabla hajaondoka kuja huko. Sikumwuliza hata jirani, sikungoja hata Jumapili ipite.

Padri Jovitus alipata habari, akaja na gari la parokia, akamkuta sakafuni. Nilisimama mlangoni nikamwambia kuwa kumpeleka hospitali ni kuonyesha hatumwamini Mungu. Hakubishana. Alimbeba mtoto, akaniambia nishike miguu ya wifi yangu, twende. Nilipoishika ilikuwa myepesi, nikaanza kuogopa.

Daktari alisema ni ugonjwa, huwapata baadhi ya wanawake wakishajifungua, kama wengine wanavyopata kifafa cha mimba. Hauchagui anayesali na asiyesali. Nikamwuliza, kwa hiyo kusali ni kosa? Akasema hata yeye husali, kisha anaandika dawa.

Padri alinikumbusha yule kipofu wa Injili, wanafunzi walipotaka kujua nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Sehemu hiyo nimeisoma kigangoni mara ngapi, kwa sauti yangu hii kubwa! Bwana alisema hakuna aliyekosa. Mimi nikasema yupo, ni wifi yangu.

Sasa Modesta anaendelea vizuri. Dawa anameza, usingizi umerudi, na Mhoja ananenepa. Jina lake ni hilohilo. Uenyekiti nimeuacha. Juzi tulikuwa tunachambua dagaa, nikamwuliza kwa nini alikubali mambo asiyoyatenda. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Wifi, nilikuwa na njaa," akaendelea kuchambua.

Sitakuambia kwamba mtoto ana masikio yako. Ukihitaji masikio ndipo umwamini mkeo, utakuwa umefanana na mimi, na mmoja anatosha katika ukoo.

Najua hasira zako, umezirithi kwa marehemu baba. Nikasirikie mimi. Nitukane hata mbele ya wazee, nitapiga magoti palepale. Ila kama bado unashikilia neno lako, njoo umwambie mwenyewe. Mimi simvushi mtu Kigongo.

Antoni amepewa barua hii ikiwa imefungwa. Neno la mdomo sikumpa hata moja. Mama anakusalimu, Padri Jovitus anakusalimu, na jirani yetu Dorotea, aliyemnywesha mwanao maziwa ya ng'ombe sisi tukiimba, anakusalimu sana.

Mungu akulinde huko mashimoni, na atusamehe tuliomsemea asiyoyasema. Ukipata karatasi, mwandikie mkeo, si mimi. Anauliza kwa nini umekuwa kimya. Nimemwambia barabara za kusini zimekatika kwa mvua. Kila anayetoka safari, Modesta humwuliza kama huko kusini mvua imeacha.

Dada yako, akupendaye hata akishindwa kukutazama usoni,

Teodora