Mawaridi ya Aldermere

Bedford, 9 Juni 1987

Dada Thirza,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua na mvua hii. Wewe je?

Nimeonana na binamu Edith. Kaniambia Jumamosi alikuona na jirani yako Gwenda kwenye bustani ya Kasri la Aldermere, mnakula keki na kucheka mpaka watu wanageuka. Dada! Miaka ishirini na miwili, kila Juni tunazunguka makasri mimi na wewe. Aldermere tulishalipanga liwe la mwaka huu. Au siku hizi nimechuja?

Mdogo wako,
Hester

Canterbury, 30 Juni 1987

Hester mpendwa,

Pole na goti. Mimi sijambo. Samahani kwa barua ya taipu, mkono umechoka. Aldermere ni dogo, hukukosa kitu. Acha kununa.

Dada yako,
Thirza

Bedford, 5 Julai 1987

Dada,

Natumai hujambo. Barua yako nimeipata, kavu kama ya benki.

Dogo? Jana nilikwenda mwenyewe, treni mbili, na mnara nikaupanda na goti hilihili. Nikamuuliza mtunza bustani kama anawakumbuka. Akasema, “Yule mama asiyeona vizuri? Mwenzake alimsomea vibao vya maua kimoja kimoja.”

Nimemwambia amekosea mtu. Amekosea, sivyo?

Hester

Canterbury, 20 Julai 1987

Mdogo wangu,

Goti limetulia? Hakukosea. Macho yanazimika tangu Krismasi, na daktari hana dawa. Maneno ni yangu, anayeandika ni Gwenda.

Sikukuacha kwa kumpenda yeye zaidi. Yeye hakunijua nilipokuwa napanda ngazi za minara mbio. Nikijikwaa mbele yake, tunacheka. Mbele yako ningelia.

Dada yako,
Thirza

Bedford, 22 Julai 1987

Gwenda, msomee dada yangu haya, na usiruke neno.

Dada, salamu za moyo wangu wote. Nimekukasirikia. Na huyo anayekusomea namwonea wivu, asikie mwenyewe. Pale Aldermere sikuona waridi hata moja. Nilikuwa natafuta benchi mlilokalia.

Jumamosi nakuja, treni ya saa nne. Tutakwenda tena, na Gwenda aje, sina neno. Vibao asome yeye, maana sauti yangu itanisaliti. Lakini mkono wako nitaushika mimi.

Na ukitaka kulia, dada, lia.

Mdogo wako,
Hester