Hereni ya Ng'ombe Aliyekufa

4 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti. Shemeji anaendeleaje na ile homa? Na mkamwana wako, mimba haimsumbui?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako hupokei bila spika, na hili si la kusikiwa na zizi zima. Nimemwambia dereva wa lori la maziwa akupe mkononi mwako.

Jana machinjioni walimpima damu mtamba mmoja mwekundu. Ana ugonjwa wa kutupa mimba. Sikioni ana hereni ya usajili, nami nikaiingiza namba yake kwenye kompyuta. Ni ya shamba lako. Ni ya yule ng'ombe mweusi uliyeniambia mwezi wa tatu kuwa amekufa, nami mwenyewe nikaandika "amekufa" kwenye usajili wa mifugo. Dada, mfu hatembei akafika machinjioni baada ya miezi mitano.

Mkuu wangu yuko safarini mpaka Jumatatu. Ripoti iko kwenye droo yangu. Niambie ukweli: mtamba huyo alitoka wapi? Maziwa yake nani aliyanywa?

Mdogo wako

5 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, Mungu anasaidia. Shemeji yako ndiyo homa yake hiyo, inaondoka asubuhi inarudi jioni, mwezi wa pili sasa. Malaria wamepima mara tatu hawaioni. Jasho linamtoka mpaka shuka naikamua, na kiuno kinamfanya atembee kama babu wa babu yake. Mkamwana hajambo, yuko mwezi wa tano. Anakunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, anasema ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni.

Hilo la hereni silijui. Hereni ni plastiki, huanguka, huokotwa. Unanihoji mimi kama polisi? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukajua kuzisoma hizo namba? Nilikuwa wa kwanza huku kusajili shamba, watu wananicheka eti nawavisha ng'ombe mapambo. Leo niwe mwongo?

Wakikuuliza, sema hujui.

Dada yako

6 Agosti

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi.

Barua yako niliisoma mpaka pale kwenye shuka, nikairudia. Homa ya kwenda na kurudi, jasho, kiuno: huo ndio ugonjwa wenyewe ukimwingia binadamu. Kipimo cha malaria hakiuoni. Mpeleke shemeji hospitali leo hii, waambie wapime ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe. Maziwa mabichi asiyaguse mtu, yachemshwe mpaka yapande. Na mkamwana usimcheleweshe hata saa moja. Mwenye mimba, Dada, ugonjwa huo unaweza kumfanya kama unavyomfanya ng'ombe.

Ripoti nimeitoa kwenye droo. Sikumsubiri mkuu arudi, nimempigia simu. Jina la shamba lako nimeliandika kwa mkono wangu. Kesho watakuja kupima zizi lote, na geti litafungwa. Mnyama haingii, hatoki.

Nichukie, lakini kwanza nenda hospitali.

Mdogo wako

9 Agosti

Kwa ofisa wa usajili,

Wamekuja. Wamefunga. Majirani wamejaa kwenye uzio kama waliokuja msibani, ila hawakutoa pole. Usiniandikie tena.

Mwenye shamba

17 Agosti

Dada,

Shikamoo. Lori halisimami tena kwako, kwa hiyo hii nampa muuguzi wa zahanati. Simu unaikata. Sikuombi unisamehe. Nataka kujua jambo moja tu: mkamwana yukoje? Hata neno moja.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mtoto bila shaka anatembea sasa, nami sijamwona.

Shemeji yako ana ugonjwa huo. Anameza dawa za wiki sita, na jana alimaliza sahani akaomba nyingine. Mkamwana naye anao. Daktari amemtafutia dawa zinazomfaa mwenye mimba. Kila wiki anausikiliza moyo wa mtoto. "Unapiga," anasema. Nikimuuliza zaidi anaangalia karatasi. Ng'ombe watano wameondolewa.

Siku ile ng'ombe mweusi alipokufa, dalali alifika kabla hatujamfukia. Alikuwa na mtamba mwenye mimba, wa bei ya kutupa. Nikamwambia, "Huyu hana hereni, kituo cha maziwa hawatamkubali." Akacheka. "Mama, hereni si hiyo hapo chini? Yeye ataipeleka wapi?" Akaitoa kwenye sikio la mfu kwa koleo lake, akamvalisha mtamba. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe.

Mwezi wa tano mtamba akatupa mimba. Kondo la nyuma lilikwama, shemeji yako akalivuta kwa mikono mitupu. Tukaendelea kumkamua. Homa ilipoanza, nikamwogopa yule mnyama, nikamrudishia dalali kimyakimya. Jina la ugonjwa sikulijua, lakini nilijua kuna kitu, na kuwa huenda kimeshaingia kwa wenzake. Na mkamwana nikamwachia kikombe chake kila asubuhi, kwa sababu nikimkataza ataniuliza kwa nini.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si ng'ombe.

Begi la dalali lilikuwa na hereni nyingine. Niliziona. Juzi amemtuma mtu: "Mwambieni mama, zizi la mbao huwaka haraka." Mume wangu anasema ninyamaze. Nimeshanyamaza vya kutosha. Keshokutwa ni siku ya mnada. Bwana mifugo atakwenda na polisi, nami nitakwenda nao niwaonyeshe ni yupi.

Dada yako

3 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mkono unaendeleaje? Bwana mifugo amenisimulia. Anasema dalali alipokuona akajipenyeza katikati ya ng'ombe, nawe hukungoja polisi, ukamfuata ukalidaka begi. Akakuzungusha mkono, watu wakapiga kelele, hukuachia. Kifundo cha mkono kimevimba kiasi gani? Kipigwe picha, usikikande kwa maji ya moto tu.

Mkamwana alinipigia jana kwa simu yake mwenyewe. Amesema umemweleza yote, kikombe na yote. Amesema bado hajui aseme nini kwako, lakini amebaki nyumbani.

Begi liko mezani kwangu. Zimo hereni thelathini na mbili. Nyingine ni za ng'ombe walioandikwa wamekufa, nyingine wenyewe hawajui kama ziliibwa. Nimeanza kuwatafuta wenye mashamba mmoja mmoja, maana zizi alilopitia dalali huenda aliliachia mnyama kama yule mtamba.

Leo asubuhi nilipiga simu shamba la kwanza. Akapokea mwanamke, kelele za ndama nyuma yake. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema wote wazima, wanakamua sasa hivi, nipige baadaye.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Iweke ndoo chini kwanza."

Mdogo wako